Nguo Iliyopeperushwa na Upepo: Nasaha juu ya Fedha Ziingiazo Simuni kwa Makosa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu wa Tarime na Serengeti, iko masala moja ambayo zama zetu hizi huulizwa sana, misikitini na barazani, nasi tumeona yafaa kuiandika ili kila mmoja apate kuisoma na kuwasomea watu wa nyumbani kwake. Nayo ni hii: mtu amekaa kwake, mara simu yake yalia, akitazama aona fedha zimeingia, wala hamjui aliyezituma. Yule aliyetuma amekosea tarakimu moja tu. Je, fedha hizo ni rizki ya huyu, au ni za nani?

Wako wasemao: "Mimi sikuiba. Zimenijia nami nimekaa. Mungu ndiye aliyenipa." Maneno haya ni matamu kwa nafsi, lakini katika sheria hayana msingi.

Kutuma fedha kwa simu ni jambo geni. Katika nchi yetu kulianza mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya jirani zetu wa Kenya. Lakini hukumu yake si ngeni. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, karne nyingi kabla ya simu, walitaja katika mlango wa amana mfano wa nguo iliyochukuliwa na upepo ikaangukia nyumbani mwa mtu. Wakasema nguo ile ni amana mkononi mwake, ijapokuwa mwenyewe hakumwekesha. Sheria ndiyo iliyomwekesha. Yampasa amrudishie mwenyewe, au amjulishe, mara awezapo. Akikawia pasi na udhuru, kisha ikapotea, juu yake kulipa.

Basi tazama, ewe ndugu, ni tofauti gani iliyopo? Upepo ni kidole kilichokosea, na nyumba ni simu yako. Tena nguo ile haikuja na jina la mwenyewe, na fedha hizi zaja na jina lake na namba yake. Udhuru wa kwamba hukumjua mwenyewe uko wapi? Ukiwa umezitumia pasi na kujua, huna dhambi, lakini walipa kadiri ile ile. Ukiwa umezitumia nawe wajua, wewe ni mnyang'anyi, hata kama hukutoka kitandani.

Katika nchi hii ya Mara, ng'ombe akiibwa usiku, watu hupiga yowe wakafuata nyayo zake, na pale nyayo zinapoingia, wenyeji huulizwa. Wazee wa Kikurya hukutana katika iritongo yao wakalitazama shauri hilo. Mtu muungwana hakubali mtamba wa mwenzake alale zizini mwake hata usiku mmoja bila ya kuwajulisha majirani. Lakini mtu huyo huyo thamani ya mtamba ikiingia simuni mwake, huzima simu akalala. Kwa nini? Kwa kuwa shilingi hazina kwato wala hazilii, na jirani hazioni. Hapo ndipo ijulikanapo tabia ya mwanadamu: wengi wetu twaona haya mbele ya macho ya watu, wala hatuoni haya mbele ya Yule asiyelala. Chombo hiki kipya hakikuiumba nafsi upya. Kimeipa giza la kujifichia tu.

Serikali nayo haikukaa kimya. Iliweka Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Kisha mwaka 2019 ikaanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Hayo ni mema, na kuyatii ni wajibu, kwani kuhifadhi mali za watu ni katika makusudio ya sheria yetu. Lakini wamepatikana watu wanaoazima vidole vyao kwa ujira mdogo, laini ikaandikwa kwa jina la huyu, na mwenye kuitumia ni mlaghai. Chombo chaweza kukijua kidole. Hakiwezi kuijua nia ya mwenye kidole. Katika Sura ya Al-Qiyama zimetajwa ncha za vidole, na katika Yasin tumearifiwa kuwa mikono itasema. Huko hakuna kuazima kidole.

Na walaghai wamezidisha uovu mwingine. Huandika ujumbe wa uongo kwamba fedha zimeingia kwako kwa makosa, wakakuomba uzirudishe, na kumbe hakuna kilichoingia. Ukirudisha, watoa zako mwenyewe. Wizi huu una madhara mawili: wachukua mali, na wawafanya watu waogope kutenda haki. Wako waliokwisha kusema: "Maadam walaghai ni wengi, mimi sirudishi cha mtu." La, hasha! Uovu wa mwingine haukuondolei wajibu wako.

Sheria imeonyesha njia. Amana hurudishwa kwa mwenyewe au wakili wake, si kwa kila mwenye kudai. Adaiye pasi na ushahidi haikulazimu kumpa. Na ukimpa asiyekuwa mwenyewe, bado dhamana i juu yako. Kwa hiyo tazama kwanza salio lako, usiuamini ujumbe peke yake. Usitume kwa namba yoyote utakayotajiwa, wala usimtajie mtu namba yako ya siri. Iarifu kampuni ya simu, au nenda kwa wakala umjuaye, hapo Mugumu, au Sirari, au Nyamongo, zirudishwe kwa njia ile zilikotoka. Kukawia kwa ajili ya kuhakikisha si khiyana. Na ukihofia kuwa pana laini imeandikwa kwa kidole chako, piga *106# upate kujua.

Wala usiulize dini ya mwenye mali, wala kabila lake. Mtume wetu alipohama Makka, mwaka 622, alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe amana za watu, na wengi wa watu hao walikuwa hawamwamini, na wakuu wao walikuwa wakitaka kumwua. Basi sisi tunaokaa na jirani wasio wa dini yetu, watatujua kwa lipi kama si kwa amana?

Enyi wazazi na walimu, vijana wetu wajua kubonyeza simu kuliko sisi. Wafundisheni na kurudisha. Mtoto asomapo mlango wa amana chuoni, mwalimu amtolee mfano wa simu pamoja na mfano wa nguo.

Na wewe usomaye, tazama simu yako leo. Ikiwa mna cha mtu, kirudishe kabla hujalala, kwani huna ahadi ya kuamka. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu mahali tuonwapo na mahali tusipoonwa. Amin. Wabillahi tawfiq.