Je, Motokaa Iliyotolewa Moyo Ni Ile Ile?

Nyumbani kwetu palikuwa na saa ya ukutani aliyotuachia marehemu baba. Ilikuwa saa ya kutiwa ufunguo kila Jumapili, na mlio wake ulisikika hata uani. Ilipoanza kuchelewa niliipeleka kwa fundi, naye akaitoa mitambo yote ya shaba, akatia kijisanduku cha betri. Tangu siku ile haikukosea hata dakika moja. Lakini mama alipoitazama aliniambia, "Mwanangu, hii ni nyumba ya saa ya baba yako. Saa yenyewe iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Nimelikumbuka neno lile kwa sababu ya ubishi uliopo Ulaya juu ya motokaa za zamani. Wako mafundi wanaozitoa injini za petroli na kutia mota ya umeme. Mfano uliojulikana sana ni Jaguar E-Type, gari lililoonyeshwa kwanza Geneva mwaka 1961, likasifiwa sana kwa uzuri wake. Mwezi wa Septemba 2017 wenye kiwanda walionyesha moja la mwaka 1968 waliloligeuza. Betri waliipa kipimo cha injini ile ya silinda sita, wakaiweka pale pale ilipokuwa injini, na mota wakaiweka mahali pa giaboksi. Tarehe 19 Mei 2018, siku ya arusi yao huko Windsor, Harry mwana wa Charles alimpakia Meghan mkewe katika gari hilo, wakaenda zao bila ngurumo wala moshi.

Wengine walifurahi, wengine walinung'unika kama mama yangu. Mwaka 2019 FIVA, chama cha mataifa cha kuangalia magari ya kale, kilitoa neno lake: gari lililogeuzwa hivyo halihesabiwi tena kuwa la kihistoria, walakini mwenye kutaka kuligeuza na afanye kwa namna inayoweza kurudishwa, na viungo vya asili avihifadhi.

Labda utasema, msomaji, kwamba umeme ni mgeni, nao umeingia nyumba isiyo yake. Sivyo. Mwaka 1899 gari la kwanza kupita mwendo wa kilometa 100 kwa saa lilikuwa la umeme, nalo liliendeshwa na Camille Jenatzy, Mbelgiji, karibu na Paris. Tena tazama pwani yetu. Watu walitia injini katika majahazi yao, wala hawakuacha kuyaita majahazi. Na huko Nairobi kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na baadaye kuitwa Roam, iligeuza magari ya kupelekea watalii mbugani yawe ya umeme, nami sijasikia mtu aliyelia kwa ajili ya injini zile.

Kwa nini basi walilie E-Type? Naona sababu ni hii. Jahazi ni la kuchukua mizigo, na hata likitiwa injini lingali likichukua mizigo. Lakini gari la zamani linalotunzwa halitunzwi kwa kazi tu, limekuwa shahidi. Sauti yake, harufu yake, hata ukaidi wake asubuhi ya baridi, vyatuambia jinsi watu wa zamani zile walivyofikiri na walivyofanya kazi. Mwenye kuutoa moyo wake amemnyamazisha shahidi. Hata hivyo siwezi kumhukumu mtu anayechoka kuwavutisha jirani zake moshi, wala yule ambaye gari lake lingekaa bandani likila kutu. Gari ni mali yake.

Ila ushahidi si mali yake peke yake. Wajukuu nao wana haki ya kuuliza. Kwa hiyo naipenda sharti ile ya kurudishika kuliko hukumu yenyewe ya jina, na wenye kiwanda cha Jaguar walisema gari lao laweza kurudishiwa injini yake. Aliyeifunga injini vizuri na kuiweka ghalani hajaua kitu. Amewaachia wengine nafasi ya kuamua tofauti naye.

Mimi sikuwaza hayo kwa wakati wake. Mama aliponiuliza mara ya pili, nilirudi kwa yule fundi kuitaka mitambo ya saa. Alinitazama kwa mshangao, akasema alikwisha kuiuza siku nyingi, kwa kupimwa mizani, pamoja na shaba nyingine chakavu.