Je, Kizuri Chajiuza?

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, msomaji wangu, niliitamka methali hii bila kuifikiri. Leo nina shaka nayo, nami nataka tuipime pamoja.

Mwaka jana nilimaliza riwaya yangu ya kwanza. Niliiandika usiku kwa muda wa miaka minne, baada ya kusahihisha madaftari, katika chumba kisicho mbali na Adams Arcade, kando ya Barabara ya Ngong hapa Nairobi. Nilitoa nakala katika duka moja pale Arcade, kurasa 280, nikazifunga kwa kamba na kuzitia sandukuni. Zilikaa humo miezi mitano. Walioniuliza niliwajibu kwamba kazi njema haihitaji mpiga debe. Jibu hilo lilivaa nguo ya unyenyekevu, lakini ndani yake mlikuwa na woga na kiburi: niliogopa kuambiwa kuwa haifai, na papo hapo nilitaka ulimwengu unifuate mlangoni.

Nyanya nzuri katika soko la Toi hujiuza kweli, maana mnunuzi huzitazama na kuzibonyeza akajua. Riwaya haibonyezwi. Sharti mtu aketi nayo siku mbili tatu ndipo ajue thamani yake, na mtu huyo hana budi kuombwa. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, na mwanafunzi mmoja wa pale, James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, alimwomba Chinua Achebe amsomee mswada wake. Achebe aliusoma, ukafika kwa wachapishaji wa Heinemann, na mwaka 1964 ukatoka kuwa kitabu, *Weep Not, Child*. Mwaka ule ule wa 1962 Shaaban Robert alifariki dunia. *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* vilichapishwa mwaka 1968. Uzuri wake ulikuwamo tangu alipoweka kalamu chini, lakini mwenyewe hakuwahi kuvishika vikiwa vitabu.

Katika nchi kama Uingereza na Marekani, kazi ya kuomba hufanywa na wakala wa waandishi. Yeye husoma mswada, humtafuta mchapishaji, hupatana naye, kisha huchukua fungu la mapato ya mwandishi, mara nyingi asilimia 15. Kwetu mawakala wa namna hiyo ni wachache mno. Kwa kawaida mwandishi hupeleka kazi yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoponzwa. Bwana mmoja mwenye maneno ya asali alijiita wakala, tukanywa chai, akataka shilingi 10,000 za kufungulia njia. Nilitoa. Baada ya majuma matatu nilimwuliza amemwonaje mama wa shujaa wangu, naye akamsifu sana. Riwaya yangu haina mama. Mtu alipwaye kabla ya kuuza hana haja ya kuuza, wala ya kusoma. Haya niliyajua nikiwa nimekwisha kulipa.

Utaniuliza: je, hakuna kuomba kunakomshusha mtu? Kuko, nami nimekukaribia. Nilipeleka mswada mwenyewe kwa mchapishaji, na mhariri, ambaye naamini aliusoma wote, aliniletea barua yenye mambo mawili. La kwanza, sura ya tisa ni ndefu kupita kiasi. La pili, yule mwizi wa karo aadhibiwe mwishoni, kwa kuwa kitabu cha namna hiyo hupendwa zaidi na shule. Mimi nilimwacha mwizi akiwa mtu mzima mwenye heshima zake, kwa sababu wezi wa namna hiyo nimewaona, na wengine husalimiwa kwa adabu kila asubuhi.

Sura ya tisa nimeipunguza kurasa kumi na moja, nayo sasa ni bora. Mwisho sijaugusa. Barua ya kumjibu mhariri imo katika bahasha juu ya meza yangu, na kesho, nikitoka darasani, nitaipeleka.