Kijiti Hakina Chama

Mwezi wa Mei mwaka 2017 watu wa Northumberland waliwachagua madiwani wao. Jimbo hili liko kaskazini kabisa mwa Uingereza, mahali inapopakana na Scotland. Ni nchi ya malisho ya kondoo na vijiji vilivyotawanyika, na watu wake ni haba wakilinganishwa na ukubwa wa ardhi yao. Tangu mwaka 2009, halmashauri zake sita za wilaya zilipovunjwa, halmashauri moja tu ndiyo iangaliayo barabara, shule, utunzaji wa wazee na uzoaji wa taka katika jimbo zima. Katika uchaguzi huo viti vilivyogombewa vilikuwa 67. Chama ambacho kingepata 34 kingetawala bila kuhitaji msaada wa mtu.

Chama cha Conservative kilipata viti 33. Kata iliyokata shauri ilikuwa South Blyth, katika mji wa bandari wa Blyth. Hapo mgombea wa Conservative na mgombea wa Liberal Democrats walitoka sawa kwa sawa. Karatasi zikahesabiwa upya, wakabaki sawa. Ndipo ikafanywa kama sheria inavyoagiza: matokeo yakaachiwa bahati, vijiti vikavutwa. Mgombea wa Conservative akatoka na kijiti kifupi. Kiti kikaenda kwa mpinzani wake, na chama chake, kikiwa kimepungukiwa na kiti kimoja tu, kikalazimika kuongoza halmashauri bila wingi kamili.

Wengi wasikiapo habari hii hucheka. Lakini swali lililomo ndani yake ni zito. Watu waliacha shughuli zao wakaenda kituoni, kila mmoja na sababu zake: huyu aililia barabara, yule aliifikiria shule ya wanawe, mwingine alikichukia chama fulani tangu ujana wake. Mwishowe neno la mwisho likasemwa na kijiti, kisichojua barabara wala shule. Je, hii ni haki? Na diwani aliyepata kiti kwa namna hiyo, aweza kusema kwamba amechaguliwa na watu?

Yafaa kwanza tuzitazame njia nyingine zilizopo. Ya kwanza ni kurudia uchaguzi. Yaonekana njema, lakini uchaguzi wa pili si ule wa kwanza. Wapigaji kura watakuwa wamekwisha kujua kwamba jimbo zima lawategemea wao. Waliokaa nyumbani siku ya kwanza watakuja mbio, na waliokuja kwa hiari yao huenda wakachoka. Tutakuwa tumewauliza watu wengine swali jingine, na hatuna hakika kwamba hawatalingana tena.

Njia ya pili ni kumpa mtu mmoja mamlaka ya kuamua. Waingereza waliijaribu. Katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 1886, huko Ashton-under-Lyne, wagombea wawili walipata kura 3,049 kila mmoja. Msimamizi wa uchaguzi akatumia kura yake ya uamuzi, akampa kiti mgombea wa Conservative. Tuseme alitenda kwa nia safi kabisa. Hata hivyo, watu 6,098 walikuwa wamesema, na neno la mmoja likawa zito kuliko maneno yao wote. Walioshindwa siku hiyo walishindwa na mtu mwenye jina, mwenye rafiki na mwenye fikira zake za siasa. Kijiti hakina chama. Hakina shemeji, hakitishwi, hakitazamii cheo. Anayeshindwa na kijiti hana wa kumwekea kinyongo.

Hapa lugha yetu yatusaidia kufikiri. Sisi tufundishao Kiswahili twajua kwamba neno kura, lililotujia kutoka Kiarabu, maana yake ya asili ni bahati nasibu. Watoto wa marehemu waliogawana mashamba yaliyo sawa walipiga kura kila mmoja apate lake. Wanachama wa upatu hupiga kura wajue nani apokee kwanza. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukuta mitume wakimpigia kura Mathiya, na msomaji wa Kurani hukumbuka jinsi Nabii Yunus alivyoingia katika kura ndani ya merikebu. Ulipokuja uchaguzi wa karatasi na sanduku, hatukutafuta neno jipya. Tulilichukua lile lile. Leo mwanafunzi asikiapo kupiga kura hufikiri uchaguzi tu, ile maana ya kwanza imemponyoka.

Sheria ya Uingereza, bila kujua Kiswahili, imezikutanisha maana hizo mbili. Yasema kwamba wagombea wakilingana, na nyongeza ya kura moja ingempa mmojawao kiti, msimamizi aamue papo hapo kwa bahati nasibu, na yule iliyemwangukia ahesabiwe kana kwamba amepata kura moja zaidi. Kwetu sisi sentensi hiyo ni fupi: aliyeangukiwa na kura ameongezewa kura.

Je, watangulizi wetu walikosea kulipa neno moja mizigo miwili? Nadhani waliona jambo la kweli. Kura ya upatu haisemi nani ni mwema kuliko mwenziwe. Kazi yake ni kumaliza shauri kati ya watu walio sawa, bila bwana wa kuwaamulia, na kwa namna ambayo kila mmoja aliikubali kabla ya kujua itamwangukia nani. Uchaguzi nao una kazi hiyo hiyo. Waathene wa kale waliliona hili. Baraza lao la watu 500 lilipatikana kwa bahati nasibu, na Aristotle aliandika kwamba njia hiyo ilihesabiwa kuwa ya utawala wa wengi, ilhali uchaguzi ulihesabiwa kuwa wa utawala wa wachache. Kweli, wanawake na watumwa hawakuwamo katika usawa huo, na hilo latuonya: bahati nasibu ni haki kwa wale tu waliokubaliwa kutia majina yao.

Kuna atakayesema: ikiwa ni hivyo, kwa nini tusiviache vijiti viamue kila mara? Jibu ni kwamba kijiti cha Blyth hakikuanza kusema, kilisubiri. Watu walisema kwanza, wakahesabiwa, wakahesabiwa tena, na sauti zao zikalingana. Lau mmoja angezidi kwa kura moja, kuvuta vijiti kungekuwa kuwadhulumu watu. Bahati ina haki pale tu ambapo sababu za kuchagua zimekwisha, na kila mtu ameona kwamba zimekwisha.

Basi diwani yule alichaguliwa na watu? Naona alichaguliwa, kwa kiasi kile kile alichochaguliwa mpinzani wake, na kijiti kikampa kiti. Kiti ni chake kwa haki, na saini yake ina nguvu kama ya diwani mwingine yeyote. Asichopewa ni ruhusa ya kudhani kwamba yeye ni bora. Kwa wale waliomnyima kura ana deni lililo wazi kuliko la wenziwe. Lakini tukipima vizuri, hata aliyeshinda kwa kura mia ana deni hilo: siku ya mvua, gari lililoharibika njiani, mgonjwa aliyeshindwa kutoka kitandani, vyote hivi vilimsaidia au vilimpunguzia pasipo yeye kujua. Tofauti ni kwamba diwani wa kijiti aliiona bahati yake kwa macho.

Tunapowafundisha wanafunzi neno kura, tuwafundishe maana zake zote mbili. Darasa lichaguapo kiongozi wake, aliyeshinda akijua kwamba kura ilimwangukia atapunguza majivuno, na aliyekosa atajua kwamba amekosa kiti, heshima yake anayo.