Vikapu Kumi na Viwili na Mgongo Wazi

Somo: Yohana 6:1–15



Ukipita Obunga jioni, harufu hukupokea kabla ya watu. Akina mama wameinamia makarai ya mafuta, wanakaanga mgongo wazi: kichwa na mifupa ya mbuta iliyobaki viwanda vikishakata minofu. Minofu hufungwa kwa barafu ikasafiri hadi Ulaya. Mifupa huja Obunga. Simdharau anayekaanga wala anayekula. Mgongo wazi umelipa karo, umelaza watoto wakiwa wameshiba. Lakini kila nikiinusa harufu ile, Injili ya leo hunijia ikiwa imepinduliwa.

Kwa Yohana, watu walikula kwanza, kila mmoja kadiri alivyotaka. Ndipo Yesu akaagiza vipande vilivyosalia vikusanywe, vikajaa vikapu kumi na viwili. Mabaki yalikuja baada ya shibe. Kwetu, ukingoni mwa ziwa lenye samaki, ziko nyumba ambazo mabaki ndiyo mlo wenyewe.

Watazame wanafunzi wawili. Filipo alipiga hesabu: dinari mia mbili hazitoshi. Hesabu ilikuwa sahihi, wala haikumlisha mtu. Andrea, mvuvi, alimwona mvulana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Hata yeye alikuwa na shaka, lakini alimtaja mbele ya Bwana.

Andrea huyo nimemkumbuka nikiwaza ufuo wa Nduru, kule Nyakach. Kwa miaka mingi, mama aliyetaka samaki wa kuuza katika fuo zetu alidaiwa bei mbili, ya pesa na ya mwili. Ndiyo jaboya, neno tunalolinong'ona. Mwaka 2011 wanawake wa Nduru walisema basi. Hawakuomba kugawiwa samaki. Walitaka mashua ziwe zao, wakapata wa kushirikiana nao: shirika la VIRED na wafadhili wa Marekani walisaidia mashua ziundwe, nao akina mama wakaajiri wanaume wa kuwavulia. Mwenye mashua hapangiwi bei ya mwili wake.

Mwaka 2020 ziwa lilifurika, likawahamisha watu wa Nduru na kuvuruga kazi ile. Kumbe ushirikiano hauishii siku ya kukabidhi mashua na kupiga picha. Ziwa likipanda, mwenzako yuko wapi?

Wapendwa, gorogoro la unga tunalompelekea jirani ni jema, tusiliache. Ila unga huisha Jumatano, na Alhamisi jiko lake limepoa tena.

Basi jumuiya zikutanapo wiki hii, zisianze na hesabu ya Filipo. Tajeni nyumba ambayo jiko halikuwashwa jana. Kisha kila mmoja aseme alicho nacho: kipande cha shamba kilicholala Ahero, pikipiki irudiyo tupu kutoka Dunga, kibanda Kibuye kinachofungwa siku tatu kwa wiki. Na huyo mwenye jiko baridi msimjadili akiwa hayupo. Mwiteni akae nanyi, mumwulize naye ana nini mkononi. Huenda ndiye mwenye ile mikate mitano.