Je, Kizuri Chajiuza?

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inayahukumu vikali matangazo ya biashara: anayenadi mno ana la kuficha. Nasi tunaoishi hapa Victoria, ambao jarida letu hupata wino na karatasi kutokana na wenye matangazo, hatuna budi kujiuliza: je, methali hii ni kweli kila mahali, au ni kweli pale tu watu wanapojuana?

Hebu tuutazame mji ulio karibu nasi, Ballarat, kiasi cha kilomita 110 kutoka Melbourne. Dhahabu ilionekana huko Agosti 1851, katika ardhi ya watu wa Wadawurrung, na kwa muda mfupi bonde likajaa mahema ya watu kutoka Uingereza, Ireland, Ujerumani, Marekani na China. Hakuna aliyemjua jirani yake. Mwenye duka alipandisha bendera juu ya hema lake ili aonekane kwa mbali. Gazeti la Ballarat Times lilianza mwaka 1854 na Ballarat Star mwaka 1855, na humo wenye hoteli, wauza viatu, madaktari na wenye magari ya farasi walinadi kazi zao. Kule Bendigo, gazeti lililoanza mwaka 1853 liliitwa Bendigo Advertiser, jina lenye maana ya mtangazaji, na watu hawakuona aibu yoyote katika jina hilo.

Katika mji kama huo kizuri hakijiuzi. Fundi hodari na fundi mbovu wote wamefika juzi, na hakuna jirani wa kuuliza. Methali yetu inahitaji mtaa, na inahitaji miaka. Mahali pa wageni, tangazo ni namna ya kubisha hodi: mimi ni fulani, kazi yangu ni hii, nipo mahali fulani. Aliyetaja jina lake na mahali pake ameweka rehani, kwa sababu akikudanganya unajua pa kumfuata. Kwa hiyo hatuwezi kuyalaumu matangazo yote kwa jumla.

Lakini ule ugeni unaofanya tangazo lihitajike ndio pia unaompa mdanganyifu nafasi. Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili. Mpaka mwaka 1854 ilikuwa marufuku kuuza pombe machimboni, na mahema mengi yaliyojitia kuuza kahawa na vinywaji baridi yaliuza pombe kwa siri. Ulikuwa uongo, lakini mchimbaji alijua anachokifuata. Aliyefichwa ni askari. Sasa tutazame vidonge vya Thomas Holloway wa London, vilivyotangazwa katika magazeti ya makoloni, ya Victoria yakiwemo, kwamba vinatibu karibu kila ugonjwa. Msingi wake ulikuwa shubiri, dawa ya kuharisha. Mgonjwa aliyelala hemani hakuwa na njia ya kuupima ukweli huo. Holloway alitajirika sana, na kwa fedha hizo akajenga chuo cha wanawake kilichofunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1886, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha London. Chuo ni kizuri, lakini hakimrudishii mgonjwa yule shilingi zake wala siku alizopoteza.

Je, na anayenyamaza? Cicero wa Roma, katika kitabu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia habari ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa. Anajua meli nyingine ziko njiani zinakuja na shehena. Awaambie watu, au auze kwanza kwa bei ya juu? Diogenes alisema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, basi. Mengine si wajibu wake. Antipater alisema lazima mnunuzi ajue yote anayoyajua muuzaji. Cicero mwenyewe alikuwa upande wa Antipater.

Sisi tunaona jibu liko katikati yao. Muuza sepetu wa Ballarat alijua kwamba wengi wa wateja wake hawatapata utajiri. Hatudhani alikuwa na wajibu wa kuandika hivyo juu ya duka lake, maana kila mtu aliwaona kwa macho yake waliokuwa wakirudi mikono mitupu. Muuza vidonge alinadi jambo ambalo mgonjwa hakuwa na pa kulihakikishia. Deni la muuzaji linapimwa kwa giza alilomo mnunuzi: kadiri asivyo na njia ya kujua, ndivyo muuzaji anavyowajibika kusema.

Na lugha nayo ina deni lake. Mwaka 1856 Robert Bell alianza kuchapa Ballarat gazeti la matangazo kwa Kichina. Mwaka mmoja kabla, serikali ya Victoria ilikuwa imetunga sheria ya kutoza pauni 10 kwa kila Mchina aliyeingia kwa meli. Sheria ilimwambia usije, tangazo likamwambia karibu dukani. Kumsemesha mtu kwa lugha yake ni heshima, na pia ni chambo. Tofauti haionekani siku ya kununua. Itaonekana siku mteja atakaporudi na malalamiko: je, atajibiwa kwa lugha ileile aliyoitiwa?

Ndugu zetu wanaofika leo Melbourne, Shepparton au Bendigo kutoka kambi za wakimbizi wanalisoma tangazo la Kiswahili kwa imani kubwa kuliko la Kiingereza, kwa kuwa limesemwa na mtu wa nyumbani. Anayesuka nywele hana deni kubwa, kwani kazi yake inaonekana kichwani. Anayetuma pesa, anayesafirisha makontena, na zaidi anayeahidi viza ya haraka, hao wanafanya kazi gizani, na mteja hujua ukweli pesa ikishaondoka. Nao waseme mapema ada yote ni kiasi gani, nani anabeba hasara mzigo ukipotea, na kama wana usajili wa kutoa msaada wa uhamiaji. Nasi tunaochapa tangazo hatuwezi kusema sisi ni karatasi tu. Msomaji ametuamini sisi kabla ya kumwamini mwenye tangazo.

Wapo watakaosema jarida dogo likianza kuuliza maswali litakosa matangazo, na bila matangazo halitatoka. Huenda ikawa hivyo. Tunaomba maoni yenu, na hasa ya ninyi mnaotangaza humu.