Upepo Upitao
(Yohana 3:8)



Nikodemo alimwendea Bwana Yesu usiku, akafundishwa kwa mfano wa upepo. Sisi twaweza kuutazama mfano huo mchana, katika nchi ya juu ya Mufindi. Huko, tangu mwaka 2020, iko minara mitatu mirefu, na kila mnara una mapanga matatu kama mabawa. Nguvu ya kila mtambo ni kilowati 800. Ni shamba dogo la upepo, nalo husaidiana na mtambo wa maji wa mto Mwenga, hasa wakati wa kiangazi, maji yapunguapo.

Kazi yake ni hivi. Upepo husukuma mapanga, nayo huzungusha mhimili. Mhimili huzungusha nguvu ya sumaku kati ya nyaya za shaba zilizoviringwa, na humo umeme huzaliwa, ukapelekwa hata nyumbani mwa watu. Tena kichwa cha mtambo hugeuzwa kuuelekea upepo, maana upepo haufuati mtambo.

Lakini liko neno moja nipendalo mlitie moyoni. Albert Betz, mtaalamu Mjerumani, alionyesha kwa hesabu mwaka 1920 ya kuwa hakuna mtambo uwezao kutwaa nguvu yote ya upepo. Hautapita sehemu 59 katika mia. Kwa nini? Kwa sababu ukiuzuia upepo wote, hewa itasimama nyuma yake, na upepo mwingine hautapata njia. Ndipo mapanga nayo yatasimama. Basi apokeaye sharti apitishe.

Na tujipime. Yuko aliyevuna vizuri, akaifunga ghala yake, na mjane jirani yake hulala na njaa. Yuko mwalimu ajuaye mengi, wala hamwachii kijana hata sala moja aiongoze. Husema, “Nailinda baraka.” Kumbe ameizuia, na mapanga yake yamesimama siku nyingi.

Wala mtu asiogope, akisema, “Nikipitisha, nitabaki mtupu.” Upepo uondokao nyuma ya mapanga umekwisha kuyazungusha, na mwingine uko mlangoni.

Bwana atugeuze tumwelekee Roho wake, atupe na mikono isiyofumba. Amina.