Nafsi na Vazi la Kuazima

Ndani ya kila mtu wamo wawili. Wa kwanza ni yule ajulikanaye na Mungu; wa pili ni yule tumtengenezaye ili atazamwe na watu. Huyu wa pili na tumwite nafsi ya machoni pa watu. Swali langu ni hili: katika hao wawili, ni yupi tumlishaye kila siku, na ni yupi alalaye njaa?

Jibu lake halihitaji vitabu vingi. Hapa kwetu, katika miteremko ya Kilimanjaro, laonekana wazi kila ufikapo mwezi wa Desemba. Wachaga walioenea Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na kwingineko hurudi nyumbani kwa sikukuu ya Kuzaliwa Bwana, na barabara za Marangu, Rombo, Machame, Kibosho na Uru hujaa motokaa. Desturi hii ni njema sana. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, ndipo walipozikwa wazee. Hapo watoto waliozaliwa mjini huonyeshwa ndugu zao, mbuzi huchinjwa, na magomvi ya mwaka husuluhishwa.

Lakini nafsi ya machoni pa watu nayo husafiri pamoja na wasafiri. Yuko akodiye motokaa kwa fedha za mkopo, apate kutazamwa siku kumi. Ufikapo mwezi wa Januari, watoto watakapo madaftari na viatu vya shule, mkopeshaji yuko mlangoni. Wahenga walisema kwamba cha kuazima hakisitiri.

Yuko na mwingine, ambaye shida yake ni kubwa zaidi ingawa haionekani. Kazi imemwishia mjini. Nauli angeweza kuipata, lakini aona haya kuteremka Moshi na mfuko mtupu. Basi hutuma salamu kwa simu ya kwamba shughuli ni nyingi, atakuja mwakani. Mwaka wapita, na wa pili, na wa tatu. Mwisho huja kumzika mama yake, naye amevaa koti la mwenzake. Tazameni ukatili wa nafsi hii. Mama hakungoja motokaa, alimngoja mtoto.

Bwana wetu alisimulia habari za kijana aliyerudi kwa baba yake hali amechakaa. Kijana yule hakukaa kwanza ugenini hata apate viatu. Viatu alivikwa alipofika. Wengi hukumbuka dhambi zake, wakasahau ushujaa wake, maana alikubali kuonekana kama alivyo. Laiti angalisubiri kuazima kanzu, labda angalifia kule kwenye nguruwe.

Tena na tuutazame mlima wenyewe. Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni mwa Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller, akakipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Mfalme yule hakupata kukanyaga mlima huu hata siku moja. Mwaka 1918 alipoteza ufalme wake akakimbilia Uholanzi, na huko akafa mwaka 1941. Tangu mwaka 1961 kilele kile chaitwa Uhuru. Jina la kwanza halikuuongezea mlima hata unyayo mmoja, wala haukupungua lilipoondolewa. Ndivyo zilivyo sifa: watu huzibandika, na watu huzibandua. Aliyezifanya kuwa nafsi yake, zikibanduliwa hubaki na nini?

Labda mtu ataniuliza, Je, ni dhambi kuvaa vizuri na kuleta zawadi? Hasha. Ila zawadi humtazama apewaye, na maonyesho humtazama atoaye. Kilo mbili za sukari, zilizoletwa kwa sababu mama hupenda chai, ni zawadi. Mbuzi watatu waliochinjwa ili jirani aingiwe na kijicho ni maonyesho, hata kama nyama yao ni tamu. Kipimo chake ni rahisi: jiulize, kama pasingekuwapo jicho la mtu la kuniona, je, ningefanya neno hili?

Lakini tujihadhari, kwa maana hata unyenyekevu waweza kuwa vazi la kuazima. Mtu aweza kuja kwa miguu, amevaa shati kuukuu, na moyoni akashukuru kwa kuwa yeye si mwenye majivuno kama wale wa motokaa. Huyo naye ni Farisayo. Amebadili nguo tu.

Wala lawama zote si za wasafiri. Katika nyumba nyingi ajaye na motokaa hulakiwa barabarani kwa vigelegele, na ajaye kwa miguu husalimiwa kwa sauti itokayo jikoni. Mtoto mdogo aonaye hayo hujifunza mapema ni mtu wa namna gani apendwaye; naye akikua atakopa. Nafsi ya uongo ina mafundi wawili, yaani yeye aivaaye na yeye aishangiliaye.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa uko mbali na mfuko wako ni mtupu, Desemba ijayo njoo nyumbani. Useme kweli, Kazi imeniishia, nimekuja kuwaamkia. Neno hilo litakuuma siku moja, lakini uongo ungekuuma miaka. Na wewe uliye nyumbani, toka umlaki ajaye kwa miguu, umpokee mfuko wake hata kama ni mwepesi, umwulize habari zake kabla ya kuuliza ameleta nini. Huyo ndiye ndugu yako mwenyewe. Yule mwingine alikuwa vazi tu.